Akiba na Haki ya Ndama

Kuweka akiba ni tendo linalosifiwa na karibu watu wote. Mzazi humwusia mwanawe, mwalimu humfundisha mwanafunzi, na serikali huwahimiza raia wake. Sifa ikiwa kubwa namna hiyo, watu huacha kuuliza. Methali husema kuwa akiba haiozi, na msikilizaji huitikia kwa kichwa akaenda zake ameridhika. Walakini liko swali moja ambalo methali hiyo hailijibu, nalo ni hili: kitu kilichowekwa kimetoka wapi? Hakuna nyumba iumbayo mali kwa kuificha. Shilingi iliyosalia jioni ni shilingi ambayo haikutumika mchana, na kutotumika kwake kumemwacha mtu fulani pasipo kitu fulani. Pengine mtu huyo ni yule yule aliyeiweka, na pengine siye. Hapo ndipo uangalifu na dhuluma huachana njia, na huachana kimya kimya, ndani ya nyumba, mahali ambapo hapana kadhi wala hakimu.

Yafaa swali hili liangaliwe katika nchi moja ambamo watu huweka akiba kwa namna mbili zilizo mbali sana. Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa, ikafika Karatu, kisha ikaendelea hadi lango la Lodoare na kuingia katika Hifadhi ya Ngorongoro. Kutoka mjini hadi langoni si mwendo mrefu. Lakini upande wa chini wa lango hilo aghalabu huishi wakulima, wengi wao Wairaqw ambao wazee wao walitoka nyanda za Mbulu, na upande wa juu huishi wafugaji, wengi wao Wamaasai. Wa chini huweka akiba ndani ya gunia. Wa juu huweka akiba iliyo na miguu minne.

Mkulima wa Karatu huanza na mahindi. Yakivunwa katikati ya mwaka, nyumba huwa na chakula tele na haja nyingi za fedha kwa wakati mmoja: sare za shule, deni la mbegu, bati la kuezekea, mgonjwa. Basi gunia huuzwa wakati ambapo kila mtu anauza na bei iko chini. Ifikapo Februari au Machi, nyumba ile ile hununua debe moja moja kwa bei ya juu. Watu huiita hali hii umaskini, na kweli ni umaskini. Lakini sehemu yake ni tundu ambalo fedha huvujia, na tundu laweza kuzibwa.

Hapo zamani waliliziba kwa moshi na majivu. Mahindi yaliwekwa darini juu ya moto, maharage yakachanganywa na majivu, na wadudu wa kwao wakazuilika kwa kiasi. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, alionekana Tabora mdudu mgeni ambaye asili yake ni Amerika ya Kati, akaenea mkoa hata mkoa. Jina lake ni dumuzi, ila wakulima walimpachika jina la Scania, kwa mfano wa lori lile kubwa. Alitoboa hindi likiwa bado gunzini. Mwenye kihenge alichokijaza Julai alikifungua Januari akakuta vumbi. Waliotunga ile methali hawakuwa wamemjua dumuzi.

Siku hizi wakulima wengi wa Tanzania hutumia mifuko isiyopitisha hewa. Mahindi hukaushwa vema, hupukuchuliwa, hutiwa ndani ya mfuko wa plastiki ulio ndani ya mwingine, na midomo yake hufungwa imara. Wadudu waliomo huivuta hewa iliyomo mpaka ikapungua mno, wakafa kwa pumzi yao wenyewe. Hakuna sumu iliyonyunyizwa, wala hakuna mtoto aliyepunguziwa mlo. Akiulizwa mtu, akiba hii imetoka katika kinywa cha nani, aweza kujibu pasipo haya: katika kinywa cha dumuzi.

Kadhalika mambo ya vipimo. Huko Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, vitunguu hulimwa kwa maji ya mifereji, na kwa miaka mingi wanunuzi wamedai gunia lijazwe mpaka mdomoni, kisha lishonewe kilemba juu yake, nao walipe bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo yaikataza, lakini sheria haiji shambani yenyewe. Familia inayokataa lumbesa na kudai mizani imejiwekea akiba kubwa kuliko ile ya kupunguza sukari ya chai, na aliyekosa ni yule ambaye kitu kile hakikuwa haki yake. Ajabu ni kwamba nasaha nyingi za matumizi ya nyumbani huanza na sukari, wala hazifiki kwenye kilemba cha gunia.

Sasa kuna akiba ya aina ya pili, nayo ndiyo yenye kuhitaji macho makali. Baba wa nyumba aketi mwisho wa mwezi na daftari lake. Aona kuwa mkaa na gesi vimekula fedha nyingi, aamue kuwa tangu kesho jiko litatumia kuni. Mwezi unaofuata kuna noti kadhaa zilizosalia, naye asema kwa furaha kuwa nyumba imeweka akiba. Je, imeweka? Mafiga matatu hula kuni nyingi kwa sababu sehemu kubwa ya joto hupotelea pembeni. Kuni hizo hazikuja zenyewe. Mama na binti wamezifuata mbali, wamezibeba kichwani na mgongoni, na walipofika wameinama juu ya moshi mpaka macho yakawa mekundu. Binti alikuwa na hesabu za kufanya kabla jua halijazama, na jua limezama. Kama angalikuwa kibarua wa nyumba ya mbali, kazi hiyo angalilipwa. Kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, kazi yake imehesabiwa kuwa si kitu, na thamani yake imeandikwa katika daftari la baba kwa jina la akiba. Katika daftari hilo hakuna safu ya mgongo wa mtu.

Si kwamba kwenda kuni ni dhuluma. Watu wamekwenda kuni tangu moto ulipojulikana, na katika nyumba maskini kila mkono una kazi yake. Ubaya uko katika jina. Mzigo uliohamishwa kutoka mfukoni kwenda mgongoni haukupungua uzito; umebadili mchukuzi tu. Jiko la udongo lililojengwa vizuri, ambalo hubana moto chini ya chungu, lapunguza mzigo wenyewe. Mtambo wa gesi ya samadi wafanya zaidi: kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilianza kuieneza mitambo hiyo katika miaka ya 1980, na nyumba yenye ng'ombe wachache wanaolishwa bandani yaweza kupikia kinyesi chao na bado ikapata mbolea ya shamba. Ila mtambo hudai fedha ya kuujengea kwanza, na hapo umaskini huonyesha ukatili wake, maana mtu hukosa akiba ambayo ingalimwezesha kuweka akiba.

Baba yule pengine si mtu mbaya. Amefanya hesabu bila kumwona anayelipa. Juu ya mlima, ng'ambo ya lango la Lodoare, yuko mtu ambaye hesabu ya namna hiyo humjia kila alfajiri, naye hawezi kufumba macho asimwone.

Mtu huyo ni mama wa Kimaasai anayekamua. Ng'ombe hakubali kuteremsha maziwa mpaka ndama wake aletwe. Basi ndama huletwa, hunyonya upande mmoja, na mama hukamua upande wa pili ndani ya kibuyu. Kila tone linaloingia kibuyuni limemkosa ndama, na kila tone linaloachwa limemkosa mtoto aliye ndani ya nyumba. Ndama ndiye akiba. Leo ni kinywa tu, hana faida kwa mtu. Lakini akiishi, miaka michache baadaye atakuwa ng'ombe wa maziwa au fahali wa kuuzwa. Mama akikamua mno, mtoto atashiba na ndama atadhoofika. Akikamua kidogo mno, ndama atanenepa na mtoto atalala njaa. Wakati wa mvua jambo hili halina shida. Wakati wa kiangazi, ng'ombe akitoa kikombe kimoja, ni hukumu ngumu kuliko nyingi zinazotolewa mahakamani, na hakuna kitabu kilichoandika kipimo chake. Mama hukipima kwa mkono wake, huku vinywa vyote viwili viko mbele yake.

Yule baba wa daftari huenda anajua kujumlisha kuliko mama huyu. Lakini mama huyu anajua akiba ni nini.

Ndama akishakua, huingia katika akiba pana zaidi. Wamaasai wana uhusiano uitwao osotua, neno ambalo maana yake ya asili ni kile kinachomuunga mtoto na mama yake kitovuni. Mtu humpa rafiki ng'ombe au kondoo, si kwa bei wala kwa tarehe ya kurudishiwa, na tangu siku hiyo huacha kuitana kwa majina yao wakaitana kwa zawadi: Pakiteng waliopeana ng'ombe, Paker waliopeana kondoo. Siku ya shida ya mmoja, mwenziwe hutoa kwa kadiri ya haja na kwa kadiri ya uwezo. Wairaqw nao wana desturi iliyo karibu na hiyo, maana mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi yao kwa watu wengine, katika vijiji vingine. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, na mwenye mali huepuka kupoteza wote kwa ugonjwa mmoja au ukame wa mahali pamoja. Watu wengine husema kuwa faida nyingine ni kwamba hakuna ajuaye hesabu kamili ya ng'ombe wa jirani yake, na hiyo ni faida ambayo tajiri yeyote duniani ataifahamu.

Ni rahisi kuzipamba desturi hizi kupita kiasi. Sotoka ilipoingia Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, iliua ng'ombe wa mtu na ng'ombe wa Pakiteng wake pamoja. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alishuka ndani ya kreta ya Ngorongoro mwezi Machi mwaka 1892 akakuta Wamaasai waliokonda kwa njaa, wamebaki mifupa na ngozi. Akiba iliyotawanywa kwa marafiki humkinga mtu na balaa lake mwenyewe. Balaa la wote haliwezi. Wengi waliopona walipona kwa kukimbilia kwa majirani wakulima, watu wa gunia, ambao sotoka haikuwagusa shamba.

Tena akiba yenye miguu ina hasara nyingine isiyopigiwa kelele. Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959, iliwekwa iwe mahali pa wanyama wa mwitu na wafugaji pamoja. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku ndani yake. Mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa muda, kisha marufuku ikarudi. Kwa hiyo nyumba ya mfugaji haina bustani ya mahindi wala maharage, nayo hula unga ulionunuliwa kwa fedha ya mifugo, na unga mwingi hupandishwa kutoka upande wa Karatu. Ukame ukija, kama ule wa mwaka 2009 ulioua mifugo mingi sana kaskazini mwa Tanzania, kila mfugaji hupeleka ng'ombe mnadani kwa siku zile zile, ng'ombe wenyewe wamekonda, na bei yao huanguka wakati ule ule ambao bei ya mahindi yapanda. Mkulima huuza mahindi yanapokuwa rahisi akayanunua yanapokuwa ghali. Mfugaji huuza ng'ombe wanapokuwa rahisi akanunua mahindi yanapokuwa ghali. Walio chini na walio juu ya lango hukutana katika hasara moja, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye anayefaidi.

Tangu mwaka 2022 serikali imezihamishia familia za Ngorongoro zilizojiandikisha huko Msomera, wilaya ya Handeni, ikizipa nyumba na ardhi, na jambo hilo limezua ubishi mkubwa ambao haumalizwi na insha ya kurasa chache. Kwa swali la akiba latosha neno moja. Nyumba yaweza kupimwa ikafidiwa, na ng'ombe aweza kupakiwa katika lori. Pakiteng hapakiwi, wala hakuna mthamini aliye na safu ya kumwandikia.

Je, basi, kuweka akiba ndani ya nyumba ni kukosa imani kwa wenzio? Mwaka 1962 Julius Nyerere aliandika makala yake mashuhuri juu ya ujamaa, na ndani yake akatoa hoja kali: kwamba katika jamii iliyo sawa mtu hana haja ya kujilimbikizia mali kwa kuogopa kesho, kwa sababu wenziwe watamtunza, na kwamba tamaa yenyewe ya kulimbikiza ni sawa na kusema kuwa mtu haiamini jamii yake. Hoja hii imewasumbua wasomaji kwa zaidi ya miaka sitini, na ni hoja inayostahili kusumbua. Anayejenga ukuta wa fedha kati yake na jirani ametoa ushahidi juu ya jirani huyo, au juu ya nafsi yake.

Lakini mama anayefunga mfuko wa mahindi Julai hajitengi na mtu. Anajizuia kuwa mzigo Machi. Mtu asiye na akiba yoyote hakuepuka akiba. Amewafanya ndugu zake kuwa akiba yake pasipo kuwauliza. Hata osotua, pamoja na upole wake wote, hudai kwamba kila mmoja awe na kitu ambacho aweza kukitoa zamu yake ifikapo. Nyerere mwenyewe alisisitiza katika makala hiyo kuwa kila mtu alipaswa kuwa mfanyakazi, na sehemu hiyo husahauliwa na wale wapendao kusoma nusu.

Ugumu wenyewe hubisha hodi jioni. Nyumba moja ina kibubu, kijisanduku cha mbao chenye tundu la kupitishia noti, kilichofichwa nyuma ya kabati. Ndani yake mna fedha ya bati, iliyokusanywa kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Kaka wa mume aja, aketi, anywe chai, kisha aseme, "Shemeji, mtoto amelazwa." Mama ajua kuwa mtoto ni mgonjwa kweli. Ajua pia kuwa shemeji yake alikuwa na fedha mwezi uliopita na zilikwenda kilabuni. Akisema "sina," amesema uongo. Akisema "ninazo," bati limekwenda, na mvua zinakuja. Kibubu hakisemi, ndiyo sababu kikaitwa hivyo. Kazi yote ya kusema humwangukia mwenye nyumba. Fedha iwekwayo ndani ya simu, tangu huduma hiyo ilipoanza Tanzania mwaka 2008, imelizidisha jambo hili badala ya kulipunguza, maana kibubu ni bubu, lakini simu ina masikio, na shemeji haihitaji tena hata kupanda basi.

Yamkini ndiyo sababu vikundi vya vicoba vimependwa sana, hasa na wanawake, vijijini na mijini. Wanachama kati ya kumi na tano na thelathini hukutana kila juma, hununua hisa, hukopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko hugawana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua. Wataalamu husifu riba na nidhamu, nao wana haki. Lakini fundi aliyelitengeneza sanduku lao alielewa jambo ambalo halimo katika vitabu vya fedha. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Shemeji akija jioni, mama aweza kusema, "Ninazo, ila ziko kikundini, na funguo si zangu," na kila neno ni kweli. Amepata ruhusa ya kukataa bila uongo. Wako watakaosema kuwa huo ni ukaidi uliovikwa nguo ya heshima, kwamba kufuli tatu zimezuia rehema kama zilivyozuia wizi. Shutuma hiyo ingalikuwa na nguvu kama sanduku lingalikuwa na fungu moja tu.

Lina mafungu mawili. Kabla ya kununua hisa, kila mwanachama huweka sarafu au noti ndogo pembeni, katika mfuko wa jamii, nayo haiandikwi kwa jina la mtu wala haigawanywi mwisho wa mwaka kama hisa. Mfuko huo ni kwa ajili ya msiba, uzazi, na ugonjwa. Mtoto aliyelazwa hospitalini, akiwa mtoto wa mwanachama au wa nyumba yake kwa jinsi katiba ya kikundi inavyosema, hutolewa humo. Kiasi chake ni kidogo, na vikundi hubishana sana juu yake: wengine wataka kiongezwe, wengine wataka hisa zinenepe haraka. Wanawake wa Karatu waliokaa chini ya mti wakibishana juu ya noti hiyo ndogo wako katika shauri lile lile la mama aliyechutama ng'ambo ya lango, kibuyu mkononi, ndama upande mmoja, na sauti ya mtoto ikitoka ndani ya nyumba.